Tairi la Mbele Kushoto

Jumamosi ya tatu mfululizo tairi la mbele kushoto lilikuwa limelala. Nilikuwa nimeshavaa, nimeshapakia ndizi na gunia dogo la maharage kwenye buti, nimehakikisha leseni imo mkobani, nimehakikisha tena, kisha nikazunguka gari na kulikuta limeinama upande mmoja kama mtu aliyekalia kiti chenye mguu mfupi. Baba alikuwa kwenye benchi lake ukutani, anaota kijua cha asubuhi, blanketi magotini.

"Halina upepo," alisema. Tangu augue, maneno yake yalitoka moja moja, kila moja likisubiri lililotangulia lipite. "Basi. Hatuendi."

Alisema hivyo bila huzuni yoyote. Mimi, mwenye tabia ya kuchunguza kila kitu mpaka kinaharibika, hilo sikulichunguza.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Kibondo kumwona shangazi, dada mkubwa wa baba. Ndiye aliyembeba baba mgongoni mama yao alipofariki, akamlea mpaka akaenda shule. Sasa amezeeka, miguu imemkataa, hawezi kupanda basi. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga kwa simu ya jirani yake na kuuliza jambo moja tu: musaza wanje anakuja lini? Kwa Kiha ndiyo kusema kaka yangu. Baba alikuwa amepata kiharusi miezi minane nyuma, na katika miezi yote hiyo hawakuwa wameonana.

"Nikifa sijamwona," aliniambia Jumapili moja, "mtakuja kuliambia nini kaburi?"

Mama alicheka simuni kumtuliza. Mimi sikulala vizuri wiki nzima.

Mwenye leseni nyumbani nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na shahada ya takwimu, bahasha ya nakala za vyeti, na miaka miwili ya kuandika barua za maombi ya kazi. Baba alikuwa bwana shamba. Alizunguka Nyakitonto, Rungwe Mpya na vijiji vyote vya huko kwa pikipiki ya serikali, akiwafundisha watu kupanda kahawa kwa mistari. Alipostaafu alinunua gari dogo jeupe lililotumika, akanifundisha kuliendesha kwenye uwanja wa shule, kwa subira ambayo mimi mwenyewe nisingekuwa nayo. Daktari alikuwa amesema anaweza kusafiri, mradi tupumzike njiani. Kilichobaki ni mimi kumfikisha. Na nilishindwa kwa sababu ya tairi.

*

Fundi wa pancha karibu na soko la Kasulu alinizoea. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye amezaliwa na kukulia huku, na Kiswahili chake kina ule mwimbo wa kwao. Aliponiona nateremka mteremko polepole, taa za hatari zikiwaka mchana kweupe, aliweka chai chini.

"Msomi! Umeniletea mgonjwa yuleyule?"

"Limelala tena."

"Limechoka kupimwa. Kila siku unalipima. Hata mimi ukinipima kila siku nitaugua."

Ni kweli nilikuwa nalipima. Nilikuwa na kipimo cha upepo kidogo kama kalamu, na daftari. Asubuhi, mchana, jioni. Niliandika namba, hali ya hewa, na kama gari lilikuwa juani au kivulini, maana asubuhi za Kasulu zina baridi, na nilisoma kwamba baridi hupunguza upepo. Nilichora hata mstari. Mstari ulionyesha jambo la ajabu. Tairi lilishika thelathini wiki nzima bila kutikisika, halafu kati ya Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi linaanguka hadi nane.

Nilimwonyesha fundi mchoro. Aliutazama kwa heshima, akaupindua juu chini, akaurudisha.

"Reka, dada, acha hayo. Tuulize maji."

Akalifungua tairi, akalijaza upepo mpaka likawa gumu, akalizamisha kwenye pipa lililokatwa nusu. Tukainama wote wawili. Alilizungusha taratibu, kiganja kwa kiganja, akalisugua pale rimu inapokutana na mpira, akatema mate kwenye mdomo wa kuingizia upepo na kungoja.

"Unaona povu?"

"Sioni."

"Na mimi sioni. Sasa tunaangalia nini?"

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alikuwa amebadilisha kijipini cha ndani kinachozuia upepo, ingawa kilikuwa kizima. Mara ya pili alisugua rimu kwa msasa, ingawa haikuwa na kutu. Safari hii alikataa kufanya kitu.

"Hili tairi halina tundu," alisema akijifuta mikono. "Lina adui."

Nikarudi nyumbani nikifikiria adui. Nilimshuku mbuzi wa jirani, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba kila Jumamosi kizibo kidogo cha plastiki kinachofunika kile kijipini kilikuwa kimekaa upande, hakikufungwa sawasawa kwenye nyuzi zake, na mbuzi yule ana tabia ya kutafuna vitu. Niliandika daftarini: kizibo upande, mbuzi? Chini yake nikaandika: au mtikisiko wa barabara? Sasa nikiufikia ukurasa ule huwa naufunika kwa mkono.

*

Nilijiambia kwamba kama siwezi kujua upepo unakwenda wapi, angalau niwe na namna ya kuurudisha. Nikaanza kutafuta pampu.

Duka la vipuri pale mjini lilikuwa na aina tatu. Ya kwanza ni ile ya mkono, ndefu, kama ya baiskeli lakini nene: unakanyaga vibawa vyake chini na kusukuma mpini juu na chini. Ya pili ni ya umeme, kiboksi chenye waya unaochomekwa mahali pa kuwashia sigara ndani ya gari. Ya tatu ni ya mguu, ya chuma, ina springi na kanyagio, na saa ndogo ya kuonyesha upepo.

Mwenye duka alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizipanga zote kaunta.

"Ya umeme ndiyo wanayochukua vijana," alisema. "Unabonyeza, unakaa, inajaza."

"Na betri ya gari ikiwa dhaifu?"

"Unawasha injini."

"Na waya ukiungua?"

"Mwanangu, gari lako linatembea au lipo jikoni?"

Nikamuuliza kama ya mkono inaweza kufika thelathini. Akasema mumewe hujazia tela la trekta. Nikauliza mumewe ana kilo ngapi. Akanitazama juu ya miwani. Nikauliza kuhusu ya mguu, kama springi yake hulegea. Wateja wawili walikuja, wakanunua, wakaondoka, mimi bado nimeshika mpira wa pampu naunusa kama anayechagua samaki. Mwisho nikamwambia nitarudi.

"Najua," alisema, akizirudisha rafuni.

Jioni nilimsomea mama faida na hasara za kila pampu. Mama ni mwalimu, aliletwa Kasulu na serikali kutoka Lindi kabla sijazaliwa, akaolewa, akabaki, ila ulimi wake haukuhama. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna watu husoma mpaka wakapita kituo cha kushukia," alisema.

"Mama, nataka tusikwame njiani."

"Njiani mtafika kwanza?"

Nilidhani ananitania.

*

Jumamosi ya nne niliamka kabla ya jua. Sikuwa na mpango wa kumvizia mtu; nilitaka tu kupima upepo baridi ikiwa kali zaidi, ili nijaze pengo kwenye mstari wangu. Nilikuwa jikoni nimeshika kipimo, naisubiri chai ichemke, niliposikia mlio mwembamba nje, kama mtu anayenyamazisha mtoto. Shhhh. Ukakatika. Shhhh tena.

Nikasogeza pazia.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya gurudumu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mkono wake wa kulia, ule uliokufa, ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mwenzake. Kwa mkono wa kushoto alikuwa amebana njiti ya kiberiti na kuikandamiza kwenye kile kijipini. Alikuwa anapumzika, anatazama mlango, anakandamiza tena. Tairi lilipokwisha, alikitafuta kizibo kwenye nyasi kwa vidole, akakipata, akajaribu kukifunga. Kizibo kilikaa upande. Alijaribu mara tatu, nne. Mkono wa kushoto haukuzoea kazi hiyo. Akakiacha hivyohivyo, akajiinua kwa kushika boneti, akaenda benchini na kujifunika blanketi.

Nilizima jiko. Hasira ilinijia kwanza, kwa sababu ya fundi na daftari na mbuzi wa watu. Halafu nikakumbuka vidole vyake vikihangaika na kile kizibo, hasira ikatoka yenyewe.

Mama aliingia akiwa na kanga begani. Aliniangalia, akaangalia pazia.

"Umeona," alisema.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu Jumamosi ya kwanza. Nilidhani na wewe unajua, unampa nafasi. Si ndiwe mwenye digrii?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yako anaogopa? Mtu mzima akiogopa humwambii unamwona. Unamngoja."

"Anaogopa nini?"

Mama akamimina chai. "Hilo," alisema, "hata mimi hajaniambia."

Nilitoka nje. Baba akasema, "Halina upepo," nami nikasema, "Naona, Baba." Nikapakua ndizi.

*

Wiki hiyo nilifikiri kuliko nilivyowahi kufikiri kwa mtihani wowote. Nilifikiri kumwambia, nikafikiri kutomwambia, nikafikiri kulala garini. Kutoka kwenye yote hayo likatoka wazo moja nililoliona la maana: kama anaweza kutoa upepo, huenda angependa kuutia. Kwa maisha yake yote hakuna chombo alichokimiliki baba ambacho hakukitunza mwenyewe. Tangu augue tulikuwa tunamfanyia kila kitu, hata kumfunga vifungo vya shati. Kwa hiyo pampu haikuwa tena ya gari. Ilikuwa pampu ya baba. Ya mkono inataka mikono miwili, hapana. Ya umeme haimtaki mtu yeyote, hapana. Lakini mguu wake wa kushoto ni mzima. Nikaenda dukani na kusema "ya mguu" kabla mwenye duka hajanisalimia, mpaka akashtuka.

Niliiweka karibu na benchi Jumatano asubuhi, tairi bado limelala tangu Jumamosi.

"Hiyo ya nini?" aliuliza.

"Ya tairi. Nimeona upepo unapotea potea."

Alinitazama kwa muda. Macho yake hayakuguswa na ugonjwa, na mimi sijui kuficha kitu usoni. Sidhani kama tulihitaji kusema zaidi. Aliitazama pampu, akaivuta kwa fimbo yake, akaikanyaga mara moja akiwa amekaa, kuisikia.

"Springi nzuri," alisema.

Kisha akasimama. Nikafurahi kupita kiasi. Nilimpelekea pampu hadi kwenye gurudumu, nikamfungia mdomo wa mpira, nikamwekea kanyagio sawa na mguu wake wa kushoto. Baba akashika paa la gari, akauinua mguu mzima ili akanyage, na uzito wake wote ukahamia kwenye mguu mgonjwa. Goti likakunjika. Nilimdaka kwapani, tukateleza pamoja mpaka chini, mimi nimekaa kwenye majani yenye umande, yeye mapajani mwangu kama mtoto.

Wiki nzima ya kufikiri, na sikuwa nimefikiri kwamba mtu akikanyaga kwa mguu mmoja husimama kwa mwingine.

Nikaanza kulia na kuomba radhi kwa wakati mmoja. Mwili wa baba ukawa unatikisika. Nikadhani ameumia. Alikuwa anacheka. Kicheko chake siku hizi hakina sauti, kinakuja mabegani tu.

"Takwimu," alisema alipopata pumzi. "Umesahau. Mguu wa pili."

"Nisamehe, Baba."

"Ngoja. Tukae kwanza."

Tukakaa palepale chini, migongo kwenye mlango wa gari. Mama alichungulia, akaona tumekaa, akarudi ndani. Nadhani ni kwa sababu tulikuwa hatutazamani usoni ndiyo maana baba alisema.

"Dada yangu," alianza. Nikangoja. "Nitamsalimiaje?"

Sikumwelewa. Akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akauinua mbele ya kifua, akauachia. Ukaanguka.

Hapo nikaelewa. Kwao, mtu hamsalimii mkubwa wake kwa mdomo peke yake. Anainama, anapiga makofi mepesi, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili sauti iwe laini, na anaendelea kupiga wakati mkubwa anaitikia na kuuliza habari, moja baada ya nyingine, nyumba, watoto, mvua, shamba. Makofi ndiyo salamu yenyewe. Maneno yanatembea juu yake. Nimemwona baba, mwanamume mwenye mvi na shahada ya kilimo, akiwa ameinama uani Kibondo akimpigia makofi dada yake mpaka amalize kuuliza, hata robo saa. Hakuwahi kufupisha.

"Shangazi anajua unaumwa," nilisema. "Hatajali."

"Mimi najali."

"Unaweza kumwambia shikamoo tu."

Akageuza kichwa kunitazama, kwa shida, ili nisikose kuiona sura yake.

"Nimsalimie kama afisa?" alisema. "Kama mgeni aliyehamishiwa? Yeye ndiye alinifundisha. Mikono hii. Aliishika hivi."

Akili yangu ikaanza mbio. Nikamwambia anaweza kupiga kwenye paja. Nikamwambia anaweza kupiga kwenye meza. Nikamwambia mimi nitakaa kuliani kwake, nitoe kiganja changu, apige hapo. Nilikuwa naendelea na la nne aliponigusa goti.

"Mwana," alisema. "Nyamaza kidogo."

Jua lilikuwa linaanza kuupenya ukungu. Ndipo akasema, "Fungua mlango."

Nikaufungua mlango wa abiria. Nikamsaidia kukaa kitini, miguu nje ikikanyaga ardhi, kama mtu anayevua viatu. Akaniashiria nilete pampu mbele ya mguu wake wa kushoto. Mpira wa pampu ulifika kwenye gurudumu la mbele, ukabaki hata na akiba. Akakanyaga. Springi ikalia, ikalirudisha kanyagio juu. Akakanyaga tena. Kwa mtu aliyekaa kazi ni ngumu kuliko kwa aliyesimama, na ilimchukua muda mrefu. Kila baada ya kumi alipumzika. Nilishika kipimo changu na sikukitumia. Ilipofika thelathini kwenye ile saa ndogo, kola ya shati lake ilikuwa imelowa jasho, naye akasema, "Kifunge kizibo. Wewe. Mimi sikiwezi."

Nikakifunga.

Kuanzia hapo, kila siku mama alipotoka kwenda shule alimkuta amekaa mlangoni mwa gari akikanyaga mara mbili tatu, ingawa tairi lilikuwa limejaa. "Leo unalisha," alimwambia siku moja, "jana ulikuwa unalishindisha njaa gari la watu." Baba akacheka kwa mabega. Sikujua kukanyaga kule kuna maana gani. Nilijua tu kwamba kutia upepo na kukubali safari ni vitu viwili tofauti, na kwamba Jumamosi bado iko mbele.

*

Jumamosi nilitoka nje nimejiandaa kuambiwa. Benchi lilikuwa tupu. Baba alikuwa ameshakaa ndani ya gari, mkanda begani, koti lake la kikazi la zamani limefungwa kifungo kimoja katika tundu lisilo lake. Nilitaka kukirekebisha, nikaacha. Tairi lilikuwa limesimama wima.

Mama alikataa kuja. "Wifi yangu akiniona ataanza habari za harusi yangu, mtarudi mwezi ujao. Nendeni."

Nilisimama Makere kupima tairi. Nilisimama tena baada ya hapo, mahali pasipo na kitu ila mashamba ya mihogo na mwanamke aliyebeba kuni aliyetutazama kwa huruma. Niliposimama mara ya tatu baba alifungua dirisha.

"Ingia. Uendeshe."

"Naangalia tu kama..."

"Nalijua tairi hilo," alisema. "Kuliko wewe. Ni zima."

Hakunitazama alipolisema, lakini kona ya mdomo wake, ile nzima, ilipanda. Hivyo ndivyo alivyoungama, na sijawahi kumdai zaidi.

Tulipofika Kibondo na kuacha lami, baba alianza kuusugua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kutoka kiwikoni hadi vidoleni, kama mtu anayetaka kuupasha moto. Nilipunguza mwendo. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyetamani tairi liishe upepo.

"Tukirudi nyumbani," nilisema, "hakuna atakayekulaumu."

"Endesha," alisema.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni mwa nyumba yake, miguu imenyooshwa mbele, kitenge kipya kichwani. Alikuwa amepungua mwili. Jirani yake, yule mwenye simu, alitusaidia kumteremsha baba, kisha akatuacha. Kutoka garini hadi mkekani ni hatua labda ishirini. Baba alizitembea kwa fimbo, mimi nyuma yake nimetanguliza mikono nisimguse. Shangazi alitazama mguu unavyoburutwa, akatazama mkono, akatazama mdomo uliokwenda upande. Alitazama vyote bila haraka, kama anayekagua mtoto aliyetoka kuchezea mbali.

Baba alijishusha mkekani mbele yake. Akainamisha kichwa. Mkono wa kushoto ukapanda kifuani, kiganja kimekunjwa, tayari. Ukabaki hapo hewani, peke yake.

Nikapiga hatua. Nilikuwa nimeshaandaa kiganja changu.

"Wewe kaa," shangazi aliniambia bila kuinua macho.

Akainama mbele, akaushika mkono wa kulia wa baba, mkono wake mmoja kwenye kiwiko, mwingine kwenye kifundo. Ulikuwa mzito kwake. Niliona mishipa ya shingo yake. Akauinua mpaka kifuani kwa baba, akaufungua vidole kimoja kimoja kwa kidole gumba chake, akakikunja kiganja kidogo, vile kinavyotakiwa. Ndivyo watoto wachanga wanavyofundishwa kusalimia huko kwetu, kabla hawajajua hata kukaa wenyewe.

"Haya," alisema. "Piga."

Baba akapiga. Kofi la kwanza lilikosea, likaangukia kwenye kifundo. Shangazi akaurekebisha mkono. La pili lilitoa sauti, laini, ya chini, kama jani bichi la mgomba. La tatu. Akaanza kusema salamu kwa Kiha, neno moja, akipumzika, neno jingine, na makofi yakienda polepole chini yake.

Na shangazi akaitikia. Aliitikia yote. Akauliza nyumba, baba akajibu. Akauliza mama, akauliza mvua ya Kasulu, akauliza mzee fulani ambaye nilijua amekwisha kufa, baba akamwambia amekwisha kufa, akasikitika, akaendelea. Mikono yake ilikuwa inachoka, niliona, ilikuwa inashuka kidogo kidogo na mkono wa baba ukishuka nayo, lakini hakufupisha. Machozi ya baba yalikuwa yanadondoka kwenye koti naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, maana yote miwili ilikuwa kazini.

"Maharage yameota?" aliuliza shangazi.

"Yameota."

"Na mlivyochelewa hivi, ni nini kilichowachelewesha? Miezi minane."

Makofi yakasita. Baba alinitupia jicho.

"Nilikuwa na woga, dada," alisema baba.

"Eh," alisema shangazi, kama aliyeambiwa mvua ilichelewa. Akauinua tena mkono uliokuwa umeshuka. "Na huyu mtoto wako, mbona amesimama kama karani wa sensa? Ananihesabu? Mwambie aje asalimie."

Nikavua viatu, nikakaa mkekani nyuma ya baba, nikainamisha kichwa na kuanza kupiga makofi.